Ndege Aliyeitwa kwa Ukoo Usio Wake

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Muumba wa kila kinachoruka na kila kinachotambaa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Kuna ubishi unaorudi mara kwa mara katika mazungumzo yetu baada ya Isha, hasa wanapokutana ndugu wa kitivo cha sayansi na sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu. Mmoja wetu husema: "Sayansi hubadilika kila siku. Jana walisema hivi, leo wanasema vile. Mwenye akili ataiaminije?" Wa upande wa pili naye hurusha lake: "Na fiqhi yenu mbona ina kauli nne kwa kila jambo?" Watu hucheka, kila mtu huenda kulala, na swali hubaki pale pale.

Katika darsa hii nataka tulijibu kwa kumfuata ndege mmoja mdogo wa milimani. Nimemchagua kwa sababu katika muda usiofika miaka mia moja wataalamu wamemhamisha kutoka ukoo mmoja hadi mwingine mara kadhaa. Kwa mwenye kudhihaki sayansi, huyu ni ushahidi tosha. Kwangu mimi ninayesoma usul na hadithi, habari yake inafanana sana na mambo tunayofundishwa darasani, na mwisho wake unatuhusu sisi wenyewe.

Ndege mwenyewe ni nani?

Jina lake la kisayansi ni *Arcanator orostruthus*. Urefu wake ni kama sentimita 17. Mgongo ni wa kahawia iliyochanganyika na kijani cha zeituni, mkia umeelekea kwenye wekundu wa kutu, na upande wa chini, kuanzia kooni hadi kifuani, ana manjano iliyofifia yenye madoadoa ya zeituni. Hana pambo linalovuta macho.

Makazi yake ni msitu wa mvua wa milimani, na ndani ya msitu huo hukaa chini kabisa, kwenye kivuli kizito, akitafuta wadudu katika majani yaliyoanguka. Mtu aweza kupita hatua chache kutoka alipo asimwone. Mara nyingi kinachomjulisha kwa watu ni mluzi wake.

Anajulikana katika sehemu tatu zilizo mbalimbali: milima ya kaskazini mwa Msumbiji, hasa Mlima Namuli, Usambara Mashariki nchini Tanzania, na Milima ya Udzungwa, pia Tanzania. Kati ya sehemu hizi kuna mamia ya kilomita za nyanda za chini zenye joto, ambazo ndege wa kivuli na baridi ya milimani hawezi kuzifanya makazi. Kila kundi limekaa mlimani kwake kama watu wa kisiwa.

Jina lenyewe lina maana. *Orostruthus* limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: moja ni mlima, na la pili ni ndege mdogo wa jamii ya shomoro. *Arcanator* limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya siri. Kwa hiyo tungeweza kumwita kwa Kiswahili "msiri wa mlimani", na tusingekosea.

Ngazi za uainishaji

Kabla ya kufuata habari zake, tuelewe kwanza ngazi zinazotumiwa na wanabiolojia. Viumbe hupangwa kutoka kundi pana hadi kundi dogo: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Ndege wetu yumo katika himaya ya wanyama (*Animalia*), faila ya wenye uti wa mgongo na jamaa zao (*Chordata*), ngeli ya ndege (*Aves*), na oda ya *Passeriformes*. Oda hii peke yake ina zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani. Mpaka hapo hakuna aliyebishana. Ubishi wote umekuwa katika familia na jenasi.

Utaratibu wa kumpa kila kiumbe jina la sehemu mbili, jenasi kisha spishi, uliwekwa na Carl Linnaeus wa Sweden, na majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia toleo la kitabu chake la mwaka 1758.

Lakini kuainisha viumbe hakukuanza na Linnaeus. Al-Jahiz, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aligawa wanyama katika kitabu chake kikubwa juu ya wanyama kwa namna wanavyokwenda: wanaotembea, wanaoruka, wanaoogelea na wanaotambaa. Mafakihi wana mgawanyo wao pia. Katika mlango wa vyakula, ndege wenye kucha za kuwindia wamewekwa upande wao kwa mujibu wa hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) iliyomo katika Sahih Muslim, kwa sababu hukumu ya kuwala ni tofauti. Fakihi anauliza, "Analiwa au haliwi?" Mwanabiolojia anauliza, "Jamaa zake ni nani?" Kila mgawanyo hujibu swali lake, na mwenye kuchanganya maswali atapata majibu yaliyopotoka.

Tena Kiswahili chenyewe kinatufundisha jambo hapa. Neno "ngeli" tunalijua tangu shule ya msingi. Chukua neno "ndege". Kwa umbo lake ni ndugu wa nyumba na nguo, maana umoja na wingi wake haubadiliki. Ukilihukumu kwa umbo utasema "ndege imetua mtini", na kila mzungumzaji atakucheka, kwa kuwa kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA: ndege ametua mtini. Ile iliyotua ni ya uwanja wa Entebbe. Neno ni moja, umbo ni moja, lakini hakika ya kinachotajwa ndiyo inayoamua. Umbo la nje ni dalili, na dalili huweza kushindwa na dalili yenye nguvu zaidi. Shikeni kanuni hii, kwani ndiyo iliyoamua kesi ya ndege wetu.

Kutoka ukoo hadi ukoo

Mwaka 1933 Jack Vincent alimwandika ndege huyu kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi, kutokana na sampuli ya Mlima Namuli. Alimwita *Phyllastrephus orostruthus*. Kwa kufanya hivyo alimwingiza katika familia ya shore (*Pycnonotidae*). Shore mnawajua: shorewanda, yule wa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia anayeimba karibu na madirisha yetu alfajiri, ni wa familia hiyo. Hukumu ya Vincent ilikuwa na msingi. Wengi wa jenasi ya *Phyllastrephus* ni ndege wa rangi ya zeituni na kahawia, wenye mdomo mwembamba, wanaojificha kwenye uoto wa chini msituni. Alimwona anafanana nao, akamweka nao.

Mwaka 1935 W. L. Sclater na Reginald Moreau walieleza kundi la Usambara Mashariki, wakalipa jina la *amani*, kutokana na Amani, mahali ambapo Moreau alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo. Ukoo ulibaki ule ule wa shore.

Miaka arobaini baadaye, mwaka 1975, C. W. Benson na Michael Irwin walichapisha uchunguzi uliosema waziwazi kwamba ndege huyu aliwekwa kimakosa katika familia ya shore. Alihamishiwa jenasi ya *Modulatrix*, alikokuwemo ndege mwingine wa milima ya Tanzania na Malawi, *Modulatrix stictigula*, mwenye madoa kooni. Kwa jina hilo la *Modulatrix* ndipo kundi la Udzungwa lilipoelezwa mwaka 1982 na F. P. Jensen na Simon Stuart, wakaliita *sanjei*, kutokana na Sanje, kijiji kilicho chini ya milima hiyo upande wa Kilombero. Mwaka 1986 Irwin na Phillip Clancey waliona kwamba tofauti zake na *stictigula* ni kubwa kiasi cha kumstahiki jenasi yake mwenyewe, na hapo likazaliwa jina *Arcanator*.

Jenasi imepatikana, lakini familia je? Hapo palibaki na utata. Vitabu vingine vilimweka pamoja na familia ya *Turdidae*, vingine vikamtia katika *Timaliidae*, familia kubwa ambayo kwa muda mrefu ilikuwa kama nyumba ya wageni: ndege wa msituni asiyejulikana pa kwenda alipelekwa huko.

Wakati huo huo kulikuwa na msafiri wa tatu mwenye shida kama yake. Ndege aliyeelezwa na Reichenow mwaka 1900, mwenye kifua cha kijivu, naye alikuwa amehamishwa hamishwa hadi mwaka 1978, alipopewa jenasi yake: *Kakamega poliothorax*, kwa jina la msitu wa Kakamega wa magharibi mwa Kenya. Huyu ni jirani yetu wa karibu. Anaishi pia katika misitu ya milima ya magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo.

Kisha ukaja ushahidi wa namna nyingine. Katika miaka ya 2000 watafiti walianza kulinganisha vinasaba vya ndege wa oda hii kutoka duniani kote. Utafiti wa mwaka 2008 wa Ulf Johansson, Jon Fjeldså na Rauri Bowie ni miongoni mwa zilizoonyesha kwamba *Arcanator*, *Modulatrix* na *Kakamega* wanakwenda pamoja, na kwamba wako mbali na shore na mbali na ile nyumba ya wageni ya *Timaliidae*. Jamaa zao wa karibu walitoka pasipotazamiwa: *Promerops*, ndege wa kusini mwa Afrika wenye mkia mrefu sana na mdomo uliopinda, wanaokunywa nekta ya maua mchana kweupe. Leo ndege wetu watatu huwekwa katika familia yao wenyewe, *Modulatricidae*.

Mtazame *Promerops* juu ya ua na mkia wake ukipeperushwa na upepo, kisha mfikirie *Arcanator* amejibanza gizani kwenye majani makavu. Nani angesema ni jamaa?

Miguu ya Zayd na Usama

Hapa nawaomba ndugu wa masomo ya Kiislamu wakumbuke tukio mashuhuri lililopokewa na Bibi Aisha (R.A.) katika Bukhari na Muslim. Zayd bin Haritha alikuwa mweupe na mwanawe Usama alikuwa mweusi, na kulikuwa na watu waliotia shaka nasaba yao kwa ajili ya tofauti hiyo ya rangi. Siku moja baba na mwana walikuwa wamelala wamejifunika shuka, vichwa vimefunikwa na miguu iko nje. Akapita Mujazziz al-Mudliji, mtu wa kabila lililosifika kwa elimu ya kutambua nasaba kwa kutazama viungo. Hakujua ni akina nani. Alipoiona miguu alisema kwamba miguu hii imetokana na ile. Mtume (S.A.W.) aliingia kwa Bibi Aisha uso ukimeremeta kwa furaha kumpasha habari hiyo.

Tazama mambo matatu katika tukio hili. Kwanza, rangi iliwapoteza watu, kwa sababu rangi ndiyo hutangulia kuonekana. Pili, mtaalamu hakutazama rangi. Alitazama kiungo alichojua kwamba hubeba alama ya nasaba. Tatu, alihukumu bila kujua majina ya wenye miguu, kwa hiyo hakuwa na upendeleo. Wengi wa wanavyuoni, wakiwemo Imam Shafi na Imam Ahmad, wameitumia hadithi hii kukubali elimu ya qiyafa kuwa ushahidi katika mizozo ya nasaba. Wanavyuoni wa Hanafi hawakuikubali kuwa hoja ya kuthibitisha nasaba. Hata khitilafu hiyo ni somo: wote walikubali tukio, wakatofautiana katika kiasi cha hukumu kinachoweza kujengwa juu yake.

Katika hadithi nyingine ya Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), bedui mmoja alikuja akimtilia shaka mkewe kwa kuwa amezaa mtoto mweusi. Mtume (S.A.W.) alimuuliza juu ya ngamia wake na rangi zao, mpaka yule bwana mwenyewe akakiri kwamba katika ngamia wake wekundu hutokea wa kijivu, na kwamba huenda ni asili ya zamani iliyovuta. Basi na mtoto huyu huenda ni vivyo hivyo. Kutofanana kwa nje hakukutosha kuvunja nasaba.

Aliyemweka ndege wetu katika ukoo wa shore alifuata rangi na mwenendo. Waliomtoa huko walitafuta miguu iliyo nje ya shuka. Vinasaba ndiyo miguu hiyo.

Jina lilibaki, nasaba ikarekebishwa

Katika Surat Al-Ahzab, aya ya 5, Allah (S.W.) ameamrisha watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao, na akabainisha kwamba huo ndio uadilifu zaidi mbele Yake. Baada ya kushuka aya hiyo Zayd, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Salim, aliyekuwa akinasibishwa na Abu Hudhayfa kama mwanawe, akawa Salim mawla wa Abu Hudhayfa. Aya hii imeshuka juu ya watu na hukumu zao, sisemi kwamba ilishuka juu ya ndege. Ninachosema ni kwamba ndani yake tunajifunza adabu: nasaba isiyo sahihi, hata kama imezoeleka na imeingia na nia njema, hurekebishwa pindi haki inapojulikana. Na aya yenyewe ikaondoa lawama kwa aliyekosea bila kukusudia.

Sasa angalia jinsi wanabiolojia wanavyofanya. Ukikuta jina la ndege wetu limeandikwa kamili, utaliona hivi: *Arcanator orostruthus* (Vincent, 1933). Mabano yale hayakuwekwa kwa urembo. Kwa kanuni za majina ya wanyama, jina la mwandishi wa kwanza likiwa ndani ya mabano maana yake ni kwamba spishi hii sasa iko katika jenasi tofauti na ile aliyoiweka yeye. Kama isingehamishwa, kusingekuwa na mabano. Neno *orostruthus* limebaki tangu siku ya kwanza, kama Zayd alivyobaki Zayd. Kilichobadilika ni "bin" yake.

Kwa hiyo katika mabano mawili unasoma historia nzima: nani alisema kwanza, mwaka gani, na kwamba baada yake kumekuwa na masahihisho. Aliyekosea kumweka mahali hakufutwa. Amebaki na haki yake ya kuwa wa kwanza, na waliomsahihisha wanamtaja kila wanapoliandika jina. Sisi tuliozoea kusoma isnadi tunaijua thamani ya jambo hili.

Kipi ni yakini na kipi ni dhana?

Turudi kwa ndugu yetu anayesema sayansi haiaminiki kwa kuwa hubadilika. Katika usul tunafundishwa kutenganisha kilicho qat'i na kilicho dhanni. Hukumu nyingi za fiqhi zimejengwa juu ya dhana yenye nguvu, na mujtahidi anayepata dalili yenye nguvu zaidi huacha kauli yake ya zamani. Imam Shafi ana kauli za Iraki na kauli za Misri, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hiyo Imam Shafi haaminiki. Tunasema alikuwa mkweli kwa dalili.

Pima habari ya ndege wetu kwa mizani hiyo. Kwamba yupo, kwamba ana umbo hili, kwamba anaishi Namuli, Usambara na Udzungwa: haya yalithibitika na hayakutikisika. Kwamba ni shore: ilikuwa dhana, ikaangushwa. Kwamba anakwenda pamoja na *Kakamega* na *Modulatrix*: ni dhana iliyopata nguvu kubwa. Kama wote pamoja na *Promerops* wahesabiwe familia moja au mbili: hapo bado kuna nafasi ya ijtihadi, na orodha za ndege zimetofautiana. Mwenye kusema "kila kitu kimebadilika" hakutazama ni kitu gani hasa kilichobadilika.

Najua kuna atakayeuliza: mbona unasema "jamaa" na "ukoo" kwa spishi mbalimbali? Wanabiolojia wanaeleza ukaribu huu kwa asili ya pamoja ya zamani, na wanavyuoni wetu wa leo wana mjadala mrefu juu ya nadharia hiyo, hasa inapomgusa baba yetu Adam (A.S.). Mjadala huo una mahali pake na watu wake. Darsa hii inahitaji jambo dogo zaidi ambalo sote tunaweza kukubaliana: kwamba ndege hawa watatu wanakaribiana ndani kuliko wanavyokaribiana na shore, na kwamba hilo limejulikana kwa kuchunguza.

Nasaba na uzito wa hasara

Mtu anaweza kusema: yote haya ni mambo ya makabati ya makumbusho. Ndege awe shore au asiwe, mimi nitapata nini? Jibu la swali hili ndilo lililonifanya niandike.

Familia ya shore ina zaidi ya spishi mia moja, Afrika na Asia. Laiti ndege wetu angekuwa shore, kumpoteza kungekuwa msiba, lakini ukoo ungebaki na watu wengi. Sasa tumejua kwamba ukoo wake una spishi tatu tu duniani kote, na zote tatu zinaishi Afrika. Hakuna wa nne. Ikitoweka moja, theluthi ya ukoo imekwenda. Msitu ni ule ule na ndege ni yule yule, lakini elimu ya nasaba imetuonyesha ukubwa wa amana iliyo mikononi mwetu.

Na amana hiyo haiko salama kila mahali. Udzungwa kuna hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, na Amani kuna hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997. Kule Namuli, mlima ambao Walomwe wanauheshimu tangu enzi za mababu, msitu umekuwa ukifyekwa kwa ajili ya mashamba, yakiwemo ya viazi. Wanaofyeka ni watu wenye watoto wa kulisha, wala siwatupii laana kutoka kwenye kiti cha maktaba. Lakini ndege asiyevuka nyanda za joto hana pa kukimbilia msitu wake ukiisha.

Qur'an imetuambia katika Surat Al-An'am, aya ya 38, kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu. Katika Surat An-Nur, aya ya 41, tumeambiwa kwamba ndege wenye kukunjua mbawa, kila mmoja anaijua sala yake na tasbihi yake. Basi kule chini ya majani ya Udzungwa, ambako hakuna anayeona, kuna mwenye kusabihi. Na katika Sunan ya Abu Dawud, Ibn Mas'ud (R.A.) amepokea kwamba walipokuwa safarini baadhi ya masahaba walichukua makinda mawili ya ndege mdogo, mama yao akaja akipapatika. Mtume (S.A.W.) aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamrisha warudishiwe mama yao. Kilio cha ndege mdogo kilisimamisha msafara. Umma huu hautakiwi kuwa mgumu wa masikio kuliko hivyo.

Mafunzo na mambo ya kutenda

Kwanza, usihukumu kwa kinachotangulia kuonekana. Iwe ni ndege, ni hadithi iliyotumwa kwenye simu, au ni ndugu mliyekutana naye leo msikitini, tafuta dalili iliyo chini ya rangi.

Pili, kosa likijulikana lirekebishwe bila kumdhalilisha aliyetangulia. Tukimnukuu mtu aliyeteleza, tumtaje kwa heshima kisha tuseme lililo sahihi, kama mabano ya Vincent.

Tatu, tunapotoa hoja juu ya sayansi, tuseme ni sehemu gani yakini na ni sehemu gani dhana. Hii ni haki ya elimu, na Surat Al-Isra, aya ya 36, imetukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo.

Nne, tuijue misitu yetu. *Kakamega poliothorax* anaishi katika nchi hizi tulizomo. Ndugu wa biolojia wanapokwenda matembezi ya kutazama ndege, twende nao. Tuwaulize wazee wa vijiji vya kandokando ya misitu majina wanayowaita ndege katika lugha zao na tuyaandike, kwa sababu nayo ni elimu inayopotea. Na siku likija suala la kukata msitu katika baraza la wilaya au katika khutba ya Ijumaa, awepo miongoni mwetu wa kusema kwa hoja ni nini hasa kitakachopotea.

Kwa halaqa za wiki hii napendekeza maswali matatu. Je, wale wasioikubali qiyafa wangesema nini juu ya ushahidi wa vinasaba katika mizozo ya nasaba za watu leo? Ni jambo gani katika fani unayosoma lililorekebishwa, na ni lipi halikuguswa na marekebisho hayo? Na kama Adam (A.S.) alitukuzwa kwa kufundishwa majina, kama ilivyo katika Surat Al-Baqara, aya ya 31, sisi wanawe tunajua majina mangapi ya viumbe tunaoishi nao?

Tunamuomba Allah (S.W.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atujaalie kuwa walinzi wema wa tulivyoachiwa. Nilichopatia ni kwa tawfiki Yake, na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.